Nani Anamlisha Somi

18 Juni

Somi ameamka tena macho yamegandana. Nimelowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, nikamfuta tongotongo kulia na kushoto, na kabla kahawa yangu haijapoa michirizi imerudi, rangi ya kutu, kutoka kona ya jicho mpaka pembeni mwa mdomo. Ni mbwa mdogo wa aina ya Malti, mweupe, miezi minne, na uso wake ni wa mtu aliyetoka msibani. Kwenye lifti majirani wanauliza, "Mbona analia?" halafu wananitazama mimi.

Mbwa mwenyewe si wangu. Ni wa binti yangu Ha-ram, aliyepata kazi Ulsan na chumba kisichoruhusu wanyama, akatuachia hapa Jeonju "kwa mwezi mmoja tu, mama". Huu ni wa tatu.

Ninaandika haya kwa sababu Daktari Noh, daktari wa wanyama wa mtaani kwetu, ameniagiza niandike. Amechunguza kope, hakuna unywele unaochoma jicho. Ametia tone la rangi ya kijani jichoni, likatokea puani, kwa hiyo mfereji wa machozi haujaziba. Huenda ni meno yanaota, amesema. Au huenda ni chakula: wapo mbwa wadogo ambao kuku au ng'ombe huwadhuru, na madhara yenyewe huonekana machoni. Njia ya kujua ni moja. Wiki nane ale chakula cha aina moja, cha nyama ambayo hajawahi kuionja. Tumechagua sungura na viazi.

"Kingine chochote kisiingie mdomoni, Mama Somi," akasema. Hapa kwetu madaktari wa wanyama ndivyo wanavyotuita. "Hata kidogo tu kinaturudisha mwanzo."

Nimecheka moyoni. Mimi ndiye mpangaji wa lishe wa shule ya msingi, mwaka wa ishirini na ushei. Najua mtoto gani akila karanga anavimba midomo na yupi akinusa kamba wa baharini tu anajikuna. Mbwa mmoja atanishinda?

19 Juni

Nimetangaza sheria mezani. Mume wangu Tae-gil aliitikia bila kuinua macho, kama anavyoitikia kila kitu. Kazi ilikuwa kwa mama yake.

"Mama, Somi asipewe chochote. Si kiazi, si wali, si supu ya samaki mkavu."

"Hata ganda la kiazi?"

"Hata ganda."

"Huyo daktari kakuita nani?"

"Mama Somi."

"Kwa hiyo mimi ni bibi yake Somi." Akaguna. "Nimezaa watatu, nimelea wajukuu watano, nimefika miaka themanini na sita kuja kuwa bibi wa mbwa! Na bibi mwenyewe marufuku kumlisha mjukuu. Haya. Nimesikia."

Mama alikuwa msichana mdogo wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini, akakulia kwenye njaa iliyofuata. Ana kanuni moja maishani: anayekutazama ukila, mpe. Tangu Somi aje, nusu ya kiazi chake kitamu inashuka chini ya meza. Kwa hiyo nani amekuwa akimlisha sina haja ya kuuliza. Swali ni kama ataacha.

Na swali hilo si dogo. Mwezi wa tano Mama alisahau sufuria kwenye gesi mpaka kitako kikawa cheusi. Wifi yangu Yeon-sim alikuja mbio, akasema wakati wa nyumba ya wazee umefika. Tae-gil akasema tungoje mpaka sikukuu ya mavuno. Wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa naye. Nikasema nitamwangalia kwanza, kama anashika anayoambiwa.

25 Juni

Mvua imeanza.

27 Juni

Mvua. Nguo hazikauki, zinanuka. Somi anakula sungura wake kwa heshima na adabu lakini bila hamu. Furaha yake ni jioni, ninapompiga mswaki kwa kidole. Analamba kidole mpaka nacheka peke yangu bafuni.

3 Julai

Mvua. Macho yale yale.

Siku hizi Mama hali mezani. Anachukua bakuli lake na sahani yake ya kimchi, kabichi ya kuchachusha, anaingia chumbani, anafunga mlango. Somi anamfuata, anakwaruza mlango, analia. Nimemuuliza Mama kwa nini, akasema miguu ya meza inamgonga magoti. Meza ile ile ya miaka kumi na tano.

6 Julai

Mvua. Shuleni mtoto wa darasa la pili amekula keki ya mwenzake yenye maziwa akavimba uso. Alikataa katakata kwamba hakula, huku malai yako kwenye pua. Watoto na wazee ni ndugu.

11 Julai

Leo ni ya kwanza kati ya zile siku tatu za joto kali za kalenda ya zamani, zinazoachana kwa siku kumi au zaidi, na kila nyumba inachemsha kuku mzima mwenye mchele na mzizi wa ginseng tumboni. Nimechemsha wanne. Wifi alikuja na tikiti maji na mdomo wake.

"Enzi zetu siku kama ya leo mbwa ndiye aliyejificha asiingie sufuriani," alisema akimtazama Somi. "Sasa huyu kajilaza sebuleni anapulizwa kiyoyozi, anakula sungura! Wifi, mimi nikizaliwa tena nizaliwe kwako, lakini na mkia."

"Kwa mdomo huo hata mbwa watakukataa," nikamwambia. Tulicheka sote, na Mama pia alicheka. Halafu akachukua kuku wake akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wifi alinitazama. Mimi nikamtazama Tae-gil. Tae-gil akatazama tikiti.

Baada ya kuosha vyombo, baada ya mswaki, nilimpakata Somi kwenye kochi. Nikamnusa mdomo. Unanukia kuku.

12 Julai

Nimesema naye asubuhi, kabla sijaenda kazini. Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

"Mama, jana ulimpa Somi kuku."

"Sikumpa."

"Mdomo wake unanukia kuku."

"Nyumba nzima ilinukia kuku. Hata mimi nanukia kuku. Njoo uninuse."

Tae-gil alicheka akiwa anafunga tai. Mimi sikucheka. Macho ya Somi asubuhi hii yalikuwa mabaya kuliko siku zote, manyoya ya chini yamelowa yananuka uchachu.

"Na mlango unaufunga kwa nini?"

Alikuwa anakunja blanketi lake, akaendelea kulikunja hata lilipokuwa limeshakunjika.

"Nataka kula," akasema.

"Asiye na la kuficha anakula mezani, Mama."

"Mama Ha-ram, nimekwambia sikumpa. Uliniambia nisimpe, sikumpa. Kiazi sikumpa, samaki sikumpa, kuku sikumpa. Unataka niape kwa kaburi la baba yake Tae-gil?"

Nikalegeza sauti. Ninayo sauti moja ya kazini, ya kumtoa mtoto ukweli bila kumtisha. "Huenda ulimpa ukasahau, Mama. Si kosa. Inatokea."

Ndipo uso wake ulipobadilika. Mpaka hapo alikuwa anabishana nami vizuri tu, kama tulivyobishana miaka yote kuhusu chumvi. Kumlisha mbwa aliweza kukana. Kusahau hakuwa na namna ya kukana.

"Nimesahau?" aliuliza. Alimuuliza Tae-gil, si mimi.

Tae-gil akasema, "Pumzika, Mama," akatafuta mwavuli.

13 Julai

Mvua. Nimenunua geti dogo la plastiki, lile la kuzuia watoto wachanga, nikaliweka mlangoni kwa Mama. Somi amelala mbele ya geti siku nzima, pua kwenye upenyo.

15 Julai

Mvua, maonyo ya mafuriko kwenye simu kila saa.

18 Julai

Mvua. Mama amepungua. Mashavu yameingia ndani. Bakuli linarudi tupu, lakini mwili hauonyeshi. Chakula kinakwenda wapi, nimemuuliza Tae-gil. Tukamtazama Somi, aliyekuwa akilia machozi yake ya kahawia chini ya kiti.

21 Julai

Siku ya pili ya joto. Sikupika kuku.

Jioni nimemkuta Mama amesimama nje ya mlango wetu, mvua imemlowesha mabega, kidole kiko hewani mbele ya vitufe vya kufuli. Namba za mlango zimemtoka. Alikuwa amekwenda kununua vitunguu tu. "Nilikuwa nazo," alisema. "Ulipokuja ndipo zilipokimbia."

22 Julai

Wifi alikuja. Tulikaa watatu jikoni, mlango tumeurudisha.

"Gesi ni jambo moja," wifi alisema. "Namba za mlango, hata mimi nasahau. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, wifi, maana wewe ndiye unayekaa naye. Anashika anayoambiwa, au hashiki?"

Tae-gil alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba. Sikujua anaomba jibu lipi.

Nikasema hashiki. Nikasema: mwezi mzima namwambia kitu kimoja, asimpe mbwa chakula, kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza angekishika. Kila siku anampa, na kila siku haamini kwamba amempa.

Wifi alilia kidogo. Halafu akapiga simu.

26 Julai

Wametangaza mvua za msimu zimeisha. Jua kali, nyenje wanapiga kelele.

29 Julai

Tumempeleka Mama. Nyumba ni safi, kuna bustani, wahudumu wana sauti nzuri. Vitu vyake vimetosha sanduku moja. Alimuuliza mhudumu kama pale kuna mbwa. "Hakuna, bibi." "Afadhali," akasema Mama. Nilichukia neno lile njia nzima ya kurudi.

Nimeondoa geti mlangoni.

5 Agosti

Shule imefungwa. Nyumba kimya. Macho ya Somi yale yale, lakini Daktari Noh amesema mabaki ya chakula cha zamani huchukua muda kutoka mwilini.

10 Agosti

Siku ya tatu ya joto. Wifi alimpelekea Mama kuku, mimi nilisema kichwa kinaniuma. Somi bado.

14 Agosti

Bado. Nimefagia chini ya makochi, nimesogeza friji. Nimemtuhumu hata Tae-gil. "Mimi?" alisema. "Mimi hata wewe sijawahi kukulisha." Utani wa zamani baina yetu, lakini aliusema akitazama mlango wa chumba cha mama yake.

16 Agosti

Kliniki. Daktari Noh amesema meno ya utotoni karibu yote yametoka. Akanitaka nimtajie tena kila kinachoingia mdomoni. Sungura, nikasema. Maji. Basi.

"Na meno unamsafisha?"

"Kila jioni, daktari. Sijakosa hata siku moja." Nilisema kwa kujisifu.

"Kwa dawa gani?"

Nikamwambia ni ile ya kawaida, ya mbwa, salama hata akiimeza. Akaniambia nikifika nyumbani nisome nyuma ya kopo.

Nimesoma. Nimesimama bafuni na miwani. Maandishi ni madogo kama ufuta, lakini kusoma maandishi madogo ndiyo kazi inayonilisha, hakuna chupa ya mchuzi inayoingia jiko la shule sijaisoma mgongo. Maji. Chumvi za kusugulia. Unga wa maini ya kuku.

Nimefungua kifuniko nikanusa. Ni ile harufu ya tarehe kumi na moja Julai, kwenye kochi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote hii nimezoea kukagua kilichomo kwenye sahani, na dawa ya meno haikai kwenye sahani. Kila jioni, kwa kidole changu, nilimpa Somi kuku. Halafu nikatoka bafuni kwenda kumchunguza Mama.

17 Agosti

Dawa nimeitupa. Namsafisha meno kwa kitambaa na maji. Tae-gil sijamwambia. Bado sijui kwa hakika, najiambia.

22 Agosti

Jicho la kushoto limepungua.

27 Agosti

Macho yote mawili yanapungua. Ningekuwa mtu mwema ningefurahi.

2 Septemba

Makavu. Pamba ya asubuhi imetoka nyeupe. Manyoya mapya chini ya macho ni meupe kabisa, na Somi ana sura nyingine, sura ya mtoto mtundu.

Daktari Noh anasema vitu viwili vimetokea pamoja, meno kumaliza kuota na dawa kuachwa, kwa hiyo haijulikani kipi ndicho. Nikitaka uhakika nimpe kuku kidogo nitazame. Nilitoka pale nikiomba yawe meno. Yakiwa meno, hakuna aliyekosa. Mama hakumpa, mimi sikumpa, ilikuwa miezi ya mbwa kukua tu.

4 Septemba

Nimechemsha kipande cha kuku, nimempa kidogo tu. Alikila kwa shukrani kubwa.

6 Septemba

Yamelowa. Yote mawili.

Nimemwambia Tae-gil wakati wa kula. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kijiko chini, akakinyoosha sambamba na bakuli, akasema, "Mama utamwambia wewe." Halafu akasema tutamrudisha kabla ya sikukuu. Halafu akaenda kusimama kwenye roshani, na mimi sikumfuata.

7 Septemba

Nimempigia wifi. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari kutukanwa. Nikasikia televisheni yake ikizimwa.

"Wifi," alisema, "unajua kwa nini alikuwa anafunga mlango? Aliniambia siku ile nilipompelekea kuku. Alisema, 'Yule mbwa akinitazama chakula hakishuki. Kumpa siwezi, nimekatazwa. Kula anaponitazama siwezi. Ndiyo maana nikafunga, lakini namsikia anakwaruza, na bado hakishuki.' Alikuwa anamwaga chooni, wifi, bakuli lirudi tupu, usije ukadhani amechukia mapishi yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni maneno ya mtu anayesahau. Si uliniambia wewe?"

Nimeketi sakafuni pale lilipokuwepo geti. Nimelia, na hapa naliandika kama lilivyo: nimelia kwa ajili ya Mama na kwa ajili yangu, na zaidi kwa ajili yangu. Alishika nililomwambia. Alilishika kuliko mtu yeyote katika nyumba hii, mpaka akakaa na njaa. Na shukrani yangu ikawa kumtoa.

10 Septemba

Tumekwenda. Wahudumu wametuambia mapema tusishangae: mwezi huu amerudi nyuma sana, hula akilishwa, siku nyingine anamwita mhudumu kwa jina la dada yake. Huwa hivyo wakihama, wamesema. Tae-gil alibaki mapokezi kuuliza kuhusu kumrudisha nyumbani. Mimi niliingia peke yangu.

Amekuwa mdogo kitandani. Alinijua. "Mama Ha-ram," alisema, "umekula?"

"Nimekula, Mama."

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye gari. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia kwamba Somi amepona, kwamba ilikuwa dawa ya meno, ina kuku ndani, na aliyekuwa akimpa ni mimi. Wewe hukumpa kitu, Mama. Hukusahau kitu. Nisamehe.

Alinisikiliza huku akitikisa kichwa polepole. Halafu akatazama mlangoni, akanisogelea, akashusha sauti.

"Nilimpa," alisema.

"Hapana, Mama."

"Nilimpa. Hapa nina muda wa kufikiri, nimefikiri, nimekumbuka. Kila siku nilimpa. Paja la kuku nililichambua kwanza, nikatoa mifupa, asije akakabwa. Namwona kabisa anavyokula. Macho yake maskini, nikayaharibu mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wake ukawa unatafuta wangu juu ya shuka. "Uliniambia vizuri, kwa upole, nami nikakubishia. Nikataka mpaka kuapa kwa kaburi. Nisamehe wewe, mwanangu. Nirudisheni nyumbani, sitampa tena."

Nikamwambia hakuna aliyempa ila mimi. Nikamwambia tena. Nikamtajia dawa, kopo, maini ya kuku, nikamwambia daktari amethibitisha, nikamwambia Tae-gil yuko hapo nje, muulize. Alinipigapiga mkono.

"Haya, haya," akasema. "Una moyo mzuri, Mama Ha-ram. Usijisingizie kwa ajili yangu."